Duara, kikoba, mshauri mwenza au kundi la simu: wagonjwa wa akili Mtwara na Lindi waanzie wapi?

Watu wanaokutana kila mwezi kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili, iwe hospitali ya Ligula mjini Mtwara au ya Sokoine mjini Lindi, mwisho huzoeana. Siku moja anatokea wa kusema: na sisi tuwe na kitu chetu. Hapo mawazo yanagawanyika. Mmoja anataka mahali pa kuyasema yaliyomjaa kifuani, wa pili anataka kikoba, wa tatu anaona bora wabaki hapohapo kliniki wawapokee wageni, na kijana mwenye simu janja keshafungua kundi la WhatsApp kabla mazungumzo hayajaisha. Njia zote nne zinawezekana katika mikoa hii. Kila moja ina mahali inapovunjikia, na ni bora mpajue kabla hamjachanga hata shilingi.

Huduma inayoendeshwa na wagonjwa wenyewe ni ile ambayo aliyewahi kuugua ndiye mwenye kauli ya mwisho. Muuguzi anaweza kualikwa, mlezi anaweza kukaa, mfadhili anaweza kuchangia, lakini hawaamui. Jambo hili si geni kusini: miaka ya 2000 shirika la BasicNeeds lilifanya kazi Mtwara na Lindi likiunganisha matibabu, vikundi vya wagonjwa na walezi wao, na shughuli za kipato. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa miongozo ya kuendesha vikundi vya wenza, yaani watu waliopitia hali ileile, na msaada wa mtu mmoja kwa mmoja, na mwaka 2021 likavitaja vikundi vya Nairobi vya USPK, shirika la Kenya la watu waliopitia huduma za saikatria (tiba ya magonjwa ya akili), vinavyoongozwa na watu hao wenyewe, miongoni mwa mifano ya kuigwa.

Vipimo vitano

Kila njia hapa chini tumeipima kwa mambo yaleyale matano. La kwanza ni uamuzi: nani anapanga cha kuzungumza, nani ana ufunguo, nani anasaini. La pili ni gharama, na kwa anayetoka Kitangari au Nanyamba gharama kubwa kuliko zote ni nauli. La tatu ni siri, maana kijijini mtu akishaitwa kichaa jina hilo linamfuata mpaka kwenye posa ya mwanawe.

La nne ni siku ya kuzidiwa. Mwanachama hajalala usiku wa pili, anaongea peke yake, au anasema hataki kuishi: njia mliyochagua inaweza kufanya nini usiku huo? Kumbukeni Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo familia nyingi huficha hadi maji yakawa shingoni. Chochote mtakachoanzisha, kila mwanachama aandike akiwa mzima ukurasa mmoja: dalili zake tatu za mwanzo, nani apigiwe simu, dawa anazotumia, nani atabaki na watoto, na kitu gani asifanyiwe. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake, viuatilifu vya mikorosho vitolewe nyumbani, na afikishwe kwenye huduma siku hiyohiyo.

La tano ni msimu. Miongozo ya kimataifa hailijui, lakini kikundi cha huku kisichojipanga kwa ajili yake hakimalizi mwaka. Kuanzia Oktoba hadi Desemba watu wako chini ya mikorosho wakiokota. Mei hadi Julai ni kupulizia. Lindi ufuta unavunwa na kwenda mnadani katikati ya mwaka, na shule zikifungwa Juni huingia jando na unyago. Kisha kuna mabibo, matunda ya mkorosho: korosho zikiiva, uraka, pombe ya mabibo, unapatikana kila kona, na pombe juu ya fenobabito (dawa ya kifafa) au dawa za usingizi humzimisha mtu vibaya.

Duara la kuzungumza

Ni watu sita hadi kumi na wawili, wanakaa saa moja na nusu, kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Wakizidi hapo, wapole hawapati zamu ya kusema na wanaanza kukosekana kimyakimya. Wanahitajika waongozaji wawili, wote waliowahi kuugua. Mmoja anaendesha mazungumzo, mwenzake anaangalia nani kainamisha kichwa, nani katoka nje na hajarudi. Mzunguko wa kwanza kila mtu anasema jina analopenda kuitwa na wiki yake ilivyokwenda, na asiyetaka anapita. Katikati ni mada moja. Mzunguko wa mwisho swali ni hili: unaondoka hapa ukiwa katika hali gani? Msiuruke hata mkichelewa, kwa sababu aliyefukua jambo zito asirudi nalo nyumbani bila mtu kujua.

Faida kubwa ya duara iko kwenye mambo ambayo chumba cha daktari hakina dakika za kuyasikiliza. Mama anayetumia haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, anashika kikombe kwa mikono miwili, na bado chai inamwagikia kwenye kisahani. Shingo imekaza, mate yanamtoka, anaamini ugonjwa umempanda. Mwenzake aliyepitia hayo anamwambia: hiyo ni dawa, mweleze muuguzi, kuna kidonge cha kupunguza mtetemo, wengi wanakijua kwa jina la Artane. Asingeambiwa, angeacha dawa bila kumwambia mtu, na baada ya wiki chache angerudishwa hospitali amefungwa kamba.

Kuna la majini pia. Katika duara moja atakuwepo anayesema sauti anazosikia ni ugonjwa, na atakuwepo anayesema ni majini au mizimu ya ukoo. Msibishane. Vikundi vya wanaosikia sauti, vilivyoanzia Uholanzi mwaka 1987 baada ya daktari Marius Romme kumsikiliza kwa dhati mgonjwa wake Patsy Hage, vimesimama juu ya kanuni hiyohiyo: maana ya sauti ni ya anayeisikia, na kinachozungumzwa ni namna ya kuishi nayo. Mtu ambaye familia yake imeshampeleka kwa mganga mara kadhaa hatafungua mdomo akijua atachekwa.

Kwa upande wa uamuzi, hakuna njia inayowaacha wagonjwa huru zaidi ya hii, kwa sababu hakuna fedha ya kugombea. Gharama ni nauli na chai. Mkikutana siku ya kliniki, nauli moja inafanya kazi mbili. Siri inategemea mahali: chini ya mwembe wa barabarani kila apitaye anawahesabu, ukumbi wa msikiti au kanisa unawaweka pembeni wa imani nyingine, na chumba cha shule baada ya masomo mara nyingi ndicho kinachofaa. Siku ya kuzidiwa duara ni dhaifu. Halina fedha, halina usafiri, na kikao kijacho kiko mbali. Msimu wa korosho mahudhurio yanaanguka. Msilazimishe, punguzeni hadi mara moja kwa mwezi mpaka Januari.

Linaloharibu duara kuliko yote ni sentensi moja: "Mimi niliacha vidonge na nimepona." Kliniki nyingi zinahudumia ugonjwa wa akili na kifafa pamoja, hivyo ndani ya duara mtakuwa na watu wa kifafa, na anayekatisha fenobabito ghafla anaweza kupata degedege mfululizo zinazoua. Kanuni iwe wazi tangu siku ya kwanza: sema yaliyokupata wewe, lakini kupunguza au kuacha dawa ni jambo la kupeleka kliniki. Anayeanguka kifafa kikaoni alazwe ubavu, asogezwe mbali na moto, asishikwe kwa nguvu wala kutiwa kitu mdomoni. Ikizidi dakika tano, ni hospitali.

Duara linamfaa aliyetoka wodini karibuni, mwenye aibu ya kuonekana, na yule ambaye shida yake kubwa si fedha bali upweke.

Kikoba

Wanachama kumi na watano hadi ishirini na watano wananunua hisa kila wiki, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wa miezi tisa hadi kumi na miwili wanagawana. Sanduku lina kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Pembeni kuna mfuko wa jamii. Kwa wagonjwa wa akili mfuko huu ndio moyo wa kikundi: watu ishirini wakitoa Sh500 kwa wiki, ni Sh10,000, na kwa wiki nne Sh40,000 zipo tayari usiku ambao mtu anatakiwa kupakiwa kwenye bodaboda au Noah kwenda hospitali. Hapo kikoba kinalishinda duara waziwazi.

Uamuzi, kwenye karatasi, ni wa wanachama. Kiuhalisia kaka au shangazi anakuja "kwa niaba", anashika kitabu, anasaini, na baada ya muda mgonjwa anaachwa nyumbani. Zuieni mapema kwa katiba: walezi wasizidi theluthi, wasiwe mwenyekiti wala mtunza hazina, na dole gumba kwenye kitabu liwe la mwenye hisa. Si kwamba walezi ni watu wabaya. Wengi wao ndio waliombeba mgonjwa mgongoni alipokuwa hajiwezi, ndiyo maana inawawia vigumu kuachia.

Gharama ni sanduku, vitabu na usajili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi hivi daraja la nne, na pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata au halmashauri. Hukohuko mtasikia habari ya mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ambayo mgawanyo wake ni nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inautambua ulemavu unaotokana na hali ya akili, kwa hiyo ombeni. Ila mkishatajwa kupata mkopo, majirani wasiougua watataka kuingia, na kikundi kitabadilika sura. Fungeni orodha ya wanachama kabla ya kuomba.

Kuhusu siri, kikoba kina kinga yake: mpita njia anaona kikoba kama vikoba vingine. Kinga hiyo inaondoka siku mtakapojiandikisha kama kikundi cha wenye ulemavu, kwa hiyo kila mwanachama aulizwe na akubali kwanza.

Kanuni mbili lazima ziandikwe. Ya kwanza: hakuna faini kwa aliyelazwa au aliyezidiwa, hisa zake zinasimama na marejesho ya mkopo wake yanasogezwa miezi mitatu. Kikoba cha kawaida kinatoza faini kila anayekosa, na kikinakiliwa hivyo kitawatoa haohao ambao kiliundwa kwa ajili yao. Ya pili inahusu fedha na ugonjwa ukipanda. Mtu hajalala, ana mipango kumi, anazungumza bila kupumua, anaomba mkopo mkubwa leoleo. Mkopo uombwe kikao hiki, utolewe kikao kijacho. Na kila mwanachama, akiwa mzima, aruhusiwe kuandika mwenyewe: mkiniona hivi na hivi, msinikopeshe.

Msimu unaweza kukibeba kikoba au kukizamisha. Fedha za korosho zikiingia, hisa zinajaa. Miezi ya kupulizia kila mtu anataka kukopa. Msivunje sanduku Desemba, kwa sababu gawio litakutana na fedha za korosho na vyote vitaondoka pamoja. Februari au Machi ni bora, chakula kinapokuwa kimepungua ghalani na mavuno mapya bado.

Kinamfaa mwenye nafuu ya kuridhisha na anayetaka kurudisha heshima yake nyumbani, maana mtu anayeleta unga mezani husikilizwa. Anayeumwa bado, kikoba peke yake kitamchosha.

Washauri wenza kliniki

Wengi wanawafahamu WAVIU washauri, watu wanaoishi na VVU wanaowapokea wenzao kwenye vituo vya tiba na kuwafuatilia walioacha dawa. Kwenye afya ya akili njia ni hiyohiyo. Hospitali ya Butabika ya Kampala imewahi kuwafunza watu waliopata nafuu wawatembelee wenzao waliotoka wodini. Kwetu kazi inaweza kuanza na mambo matatu: kumpokea mgeni na familia yake, kumsindikiza hadi dirisha la dawa, na kumpigia aliyepitisha tarehe, hasa wa sindano ya mwezi, ambaye akichelewa mara mbili dalili hurudi taratibu bila mwenyewe kujua.

Uamuzi ndio udhaifu wake. Kliniki ni ya hospitali, na mshauri anafuata ratiba ya muuguzi. Bila makubaliano ya maandishi na mganga mfawidhi na mratibu wa afya ya akili wa wilaya, baada ya muda mshauri atakuwa anafagia, anabeba mafaili, au anaitwa kumshika mgonjwa anayekataa sindano. Hilo la mwisho likitokea mara moja tu, hakuna mgonjwa atakayemwamini tena. Andikeni asichofanya: hakamati, hafungi, hagawi dawa, hasomi mafaili.

Gharama kwa mgonjwa anayehudumiwa ni sifuri, maana alikuwa anakuja kliniki hata hivyo. Kwa mshauri ni siku nzima bila kipato, kwa hiyo nauli na chakula vijulikane vinatoka wapi kabla hajaanza. Posho ya mradi hukata mradi ukiisha. Siri ya wagonjwa ipo kama hospitali inaisimamia, lakini mshauri mwenyewe anajianika: kila anayeingia anajua aliwahi kuugua. Ajitolee kwa hiari yake, na familia yake ijue. Siku ya kuzidiwa njia hii ina nguvu kuliko zote mchana, kwa sababu daktari yuko chumba cha pili, na haina chochote usiku. Msimu hauigusi sana, kwani kliniki haifungwi kwa korosho. Badala yake simu za kuwatafuta waliopotea zinaongezeka Novemba.

Wawe wawili kila siku ya kliniki. Mshauri naye ni mgonjwa, na siku yake mbaya itafika. Akiwa peke yake atajikaza mpaka aanguke.

Inamfaa mtu aliyetulia kwa muda mrefu, mwenye masikio kuliko mdomo. Kwa wagonjwa, inawafaa zaidi wapya na wale wanaokuja mara moja wakapotea.

Kundi la simu

Ndilo rahisi kuanzisha. Kwa Liwale, Nanjilinji au Songosongo, ambako kukutana ni safari, huenda likawa njia pekee. Mwenye simu ya kitochi asiachwe: tengenezeni mnyororo, kila mtu anawapigia wawili, na ujumbe unafika kwa wote bila bando. Kazi yake nzuri ni habari fupi: leo kabamazepini (dawa ya kifafa) ipo dirishani, kliniki imesogezwa, fulani hajaonekana tangu Jumapili.

Uamuzi uko kwa mwenye kundi, kwa hiyo wawe wawili au watatu. Siri ni ya kutia hofu. Simu moja inatumiwa na nyumba nzima, picha ya skrini inasambaa kwa dakika, na habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Jina la kundi lisitaje ugonjwa, jumbe ziwekwe zijifute, picha za watu na za kadi za kliniki zisitumwe. Kundi lifungwe saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kukosa usingizi peke yake kunaweza kuupandisha ugonjwa, na kundi linalolia usiku kucha linawafanyia wanachama kile wanachokimbia. Siku ya kuzidiwa msiitegemee hata kidogo: ujumbe wa "nimechoka na maisha" unaweza kukaa masaa bila kusomwa. Anayeuona kwanza apige simu, na awe anajua wa pili wa kumpigia. Msimu hauisumbui, ila bando huisha.

Njia ya tano hutajwa mara nyingi: nyumba ya mchana ambamo wanachama wanapika, wanafanya kazi na kuendesha kila kitu wenyewe, kama Fountain House ya New York iliyoanzishwa 1948 na kuigwa sehemu nyingi. Ni nzuri. Inataka nyumba, umeme, chakula cha kila siku na mtu wa kulipwa, hivyo hatujaipima hapa kwa kikundi kinachoanza bila mtaji.

Kwa hali yenu

Mko Mtwara mjini, Mikindani au Lindi mjini na kliniki si mbali: anzeni na duara siku ya kliniki kwa miezi mitatu. Likishika, wawili wenye utulivu waombe nafasi ya ushauri mwenza. Kikoba kije baadaye, na wasiokitaka waendelee kukaa kwenye duara bila kulazimishwa.

Mko Tandahimba, Newala au Masasi vijijini, mnaishi kwa korosho, na wengi mmetulia na dawa: kikoba kinaweza kutangulia, kikiwa na mfuko wa jamii tangu wiki ya kwanza na nusu saa ya kuzungumza kabla sanduku halijafunguliwa. Nusu saa hiyo ikishaanza kuliwa na hesabu, itengeni iwe siku nyingine.

Wengi wenu mmetoka wodini karibuni, au dawa bado zinabadilishwa: msishike fedha za wenzenu kwa sasa. Duara dogo la watu sita linatosha.

Kliniki yenu inapoteza wagonjwa na muuguzi yuko tayari: washauri wenza watagusa watu wengi kwa muda mfupi. Msikubali kabla karatasi ya makubaliano haijasainiwa.

Mmetawanyika Kilwa, Liwale au Nanyumbu: mnyororo wa simu, na kikao kimoja cha ana kwa ana kila miezi mitatu, kipangwe siku ambayo wengi wanafuata dawa.

Na kama ndani ya kundi lenu yupo mtu anayefungiwa au kufungwa kamba nyumbani, hakuna kati ya njia hizi itakayomtosha kwanza. Mwendeeni afisa ustawi wa jamii na muuguzi wa afya ya akili pamoja, mkiwa wawili au watatu, ulizeni na kuhusu msamaha wa gharama za matibabu, kisha mpangieni nafasi kwenye duara atakapokuwa tayari.